Usinisahihishe Mbele ya Wageni

Rahma mwanangu,

Barua zetu huanza kwa kusema mimi ni mzima wa afya, wasiwasi ni kwako tu. Leo siandiki hivyo. Mwili ni mzima, lakini nina hasira, na hasira hii ina wiki tatu, na wewe kesho asubuhi unapanda boti kwenda Pemba kusomesha Kiingereza. Nikikaa nayo itaniharibia kukuaga. Umekwenda Chwaka kwa shangazi yako, utarudi magharibi. Nimeshasali alasiri, nimekaa hapa uani kwetu Kikwajuni na daftari lako la zamani, nakuandikia kwa sababu nikisema kwa mdomo nitapiga kelele na majirani watasikia.

Mambo ya kufunga mlango, kuchemsha maji na kuwaamkia wakubwa nimeshakuambia mpaka umeniomba ninyamaze. Haya ni mengine.

Unaikumbuka siku ya wale wageni wanne, mume na mke na wanao wawili wakubwa? Najua wewe unaikumbuka kama siku uliyomsaidia mama yako. Walikuja kujifunza wali wa nazi na mchuzi wa pweza, kama wanavyokuja wengine kila wiki tangu nilipoamua kupikisha watu hapa hapa nyumbani. Nilikuwa nimekaa juu ya mbuzi, nazi mkononi, nawaeleza habari ya tui. Nikasema, "Coconut, we squeeze him two time. First time him fat. Second time him thin." Yule mwanamke alikuwa ameinama ananitazama mikono, na tui zito na tui jepesi alishayaelewa kuliko wasichana wengi wa mjini hapa. Wewe ukatokea mlangoni na cheti chako cha ualimu ambacho hata wino haujakauka, ukacheka, ukasema mbele yao, "It, mama. Squeeze it. Nazi si mwanamume." Kisha ukawageukia wageni ukawatafsiria utani wako, nao wakacheka wote wanne.

Ungeishia hapo ningekusamehe kabla wali haujaiva. Lakini ulivuta kibao ukakaa. Kila nilipofungua mdomo ulikuwa umeshanitangulia na sentensi yako iliyonyooka, imepigwa pasi. Mpaka pweza anaingia chunguni mimi nilikuwa nachuja tui tu, kama mtu aliyeajiriwa siku ile, na wewe ndiye unayeeleza mapishi ambayo, wallahi, huyajui. Uliwaambia watie chumvi mwanzo! Pweza akawa mgumu kama ndara, wakamtafuna kwa adabu, na hilo hakuna aliyelisahihisha.

Siku ya pili nikakuta karatasi umeibandika ukutani jikoni. "Welcome to our kitchen. Today we are going to prepare..." Mistari kumi na miwili, niihifadhi kama dua. Nimeibandua. Nimeitandika chini ya visheti nilivyokufungia, utaikuta Pemba, ina mafuta.

Unadhani mama yako hajui kama Kiingereza kina sheria zake? Hebu nikwambie nilivyozijua, maana hukuwahi kuuliza.

Baba yako, Mungu amrehemu, alipofariki ulikuwa na miaka tisa. Alikuwa fundi wa kuta za nyumba za zamani, na hakuacha kitu ila jina zuri na ndoo za chokaa. Nikaenda kuomba kazi ya jikoni katika hoteli moja ya pwani. Hawakuniuliza kama najua kupika. Kijana mmoja mwenye tai aliniambia, "Tell me about yourself," nikanyamaza, kwa sababu sikujua ananitaka nini, akaandika kitu kwenye karatasi, akanishukuru. Yule waliyemchukua nilikuja kumjua baadaye. Wali wake ulikuwa ukishikana kama gundi, lakini alikuwa na Kiingereza. Niambie ni mgeni gani anayekula Kiingereza. Mpaka leo nikiikumbuka tai ile damu inanichemka.

Ndipo nikapata kazi ya asubuhi kwa Bi Kusum, Mhindi mtu mzima aliyekuwa akikaa peke yake Mji Mkongwe, mwalimu mstaafu. Macho yalikuwa yamempungua, hawezi tena kuchagua mchele, kwa hivyo mimi nikichagua na yeye akikaa mbele yangu akinisomesha. Ubao hakuwa nao.

"Zakia, nani?"

"I."

"Kafanya nini?"

"Wash."

"Kaosha nini?"

"Rice."

"Basi, ndiyo hiyo sentensi. Nyengine zote ni hiyo hiyo, zimevishwa nguo tu."

Alinieleza kitu ambacho nadhani hata wewe chuoni hukuelezwa vizuri. Sisi tukisema "wali nimeupika" au "nimeupika wali" hapana anayechanganyikiwa, kwa sababu ule wali umeacha alama yake ndani ya kitendo. Popote utakapouweka, tunajua ndio uliopikwa. Kiingereza hakina alama hiyo. Mtendaji lazima akae mbele, kitendo katikati, kinachotendwa nyuma, na ukivibadilishia nafasi, paka ataliwa na samaki. Nilipolielewa hilo niliweka sinia la mchele chini nikacheka peke yangu. Mwaka mzima nilikuwa nayapanga maneno kama nipendavyo na watu wananikodolea macho, nikidhani shida ni matamshi.

Lakini usidhani nilikubali kila kitu. Niligombana na Bi Kusum kama kwamba yeye ndiye aliyeitunga lugha ile. Mimi kupika, sisi kupika, wao kupika, wote "cook", halafu akija yeye peke yake anafungwa kimkia, "cooks". Kakosa nini? Na hiyo "do" inayoingia katika kila swali, inafanya nini pale, nani kaialika? Na "a" na "the", ambazo mpaka leo nazitia kwa kukisia, kama chumvi. Nikisema "nitampikia" nimemaliza, neno moja. Wao wanataka matano, na kabla hujafika mwisho lazima useme ni "him" au "her". Nikamwambia, "Bi Kusum, mie sijui bado nnampikia nani, mlango haujapigwa hodi."

Alicheka mpaka akafuta miwani.

Sasa nataka ulisome hili polepole. Bi Kusum hakunikata kauli hata siku moja. Nilikuwa nikija asubuhi nimejaa maneno, nasema, "Yesterday I go Darajani and I buy fish bad." Alinisikiliza mpaka mwisho. Alinisikitikia kwa yule samaki. Kisha akauliza, kama mtu anayetaka kujua kweli, "You went to Darajani and you bought bad fish? Who sold it to you?" Nami namjibu, na katika kujibu "went" na "bought" zinanitoka zenyewe. Ulipita kama mwaka kabla sijashtuka kuwa alikuwa akinisahihisha. Mwaka mzima, Rahma! Nilidhani tunazungumza tu.

Na hiyo "him" ya nazi haikutoka kwenye ujinga. Niliwasikia wageni kwa masikio yangu wakimwita mbwa "him", na mmoja akiliita gari lake bovu "she", tena kwa mapenzi. Nikasema kumbe, kitu mtu akikipenda hukipa utu. Na mimi nazi imenilishia mtoto na kumsomesha mpaka akapata cheti cha kunicheka. Nitaiita "him" nikitaka.

Nikuulize na jengine. Mgeni akisema "mimi taka enda soko", hapa mtaani tunampigia makofi. Mashaallah, unajua Kiswahili! Wewe mwenyewe nimekuona ukimsifu. Mama yako akikosa herufi moja mwishoni mwa neno ni kichekesho cha familia. Nani aliyekufundisha mizani hiyo? Nilikuwa nimekusudia kuandika kwamba ni chuo, au mwenye tai yule, au dunia ya siku hizi. Nimeshika kalamu hapa muda mrefu, na kama nina uso wa haya siwezi kuandika hivyo. Ulifundishwa na mimi, na nitakueleza lini, ingawa hukuwa umezaliwa.

Mama yangu alikuwa mtu wa Makunduchi, na alisema kama wanavyosema watu wa Makunduchi. Mimi niliishi hapa mjini kwa shangazi yangu tangu nina miaka kumi, kwa ajili ya skuli. Wiki ya kwanza watoto wa Kikwajuni walinicheka kwa neno moja nililosema kwenye mchezo, na kabla ya Ramadhani ya mwaka ule nilikuwa nimeshayafukuza maneno yote ya kwetu mdomoni. Sikuyaweka hata ya akiba. Leo ningependa kukuandikia hapa alivyokuwa akisema mama yangu, nashindwa. Najua maana zake, sauti yake naisikia, lakini nikijaribu kuyaandika yanatoka ya mjini.

Ilipokuja posa ya baba yako, wanawake wa kwao walitaka kuja kunitazama. Watu wa Mji Mkongwe hao, wasemaji, kila herufi mahali pake. Mama alitoka Makunduchi siku moja kabla, kaja na mkungu wa ndizi na khanga mpya mbili, na furaha yake yote. Asubuhi ile nikamfuata jikoni. Nilikuwa na miaka ishirini na moja, nimepakwa hina, najiona nimefika.

Nikamwambia, "Mama, wakija, shangazi ndiye atakayesema. We kaa naye tu. Wakikuuliza kitu, waitikie kwa kichwa."

Akanitazama. Hakuuliza kwa nini. Alijua kwa nini, alikuwa ameshasikia nilivyokuwa nikisema mimi mwenyewe.

Akasema, "Naam."

Rahma, wewe ni mtoto wa hapa, huhitaji kuelezwa nani humwitikia nani "naam". Mama yangu mzazi aliniitikia mimi kama mtoto anayeitwa na mkubwa wake. Na mimi nilifurahi kuwa amekubali! Nilirudi chumbani kumalizia kusukwa nywele. Wageni walipokuja alikaa pembeni ya mkeka, ameinamisha kichwa, na yule mama mkwe wangu alipouliza mbona hasemi, shangazi akasema Bi mkubwa jino linamsumbua. Wakampa pole. Akaitikia kwa kichwa, kama nilivyomwambia.

Wewe ulimjua miaka sita, alipokuja kukaa nasi baada ya baba yako kufariki ili nami niweze kwenda kazini. Mlikuwa mkimwita Bibi Mpole, wewe na watoto wa jirani. Ndiyo, hapana, asante mwanangu, basi. Hukuwahi kujiuliza kwa nini bibi yako hakukuhadithia hata hadithi moja? Hukuwahi, na usijilaumu, ulimkuta hivyo. Lakini mimi nilimjua vingine, na nilikuwa nikikusikia ukisema Bibi Mpole na nikaliacha jina likae. Bibi yako hakuwa mpole hata kidogo! Siku ya Mwaka Kogwa kule Makunduchi, wanaume wakishapigana kwa migomba yao na wanawake wakaingia kuzunguka uwanja kwa nyimbo, yeye ndiye aliyekuwa mbele. Alikuwa akitunga pale pale. Aliyekuwa bahili mwaka ule, aliyempiga mkewe, aliyejifanya msafi, jina hakulitaja lakini mwenyewe alijijua na uwanja mzima ulimjua. Watu wazima walikuwa wakimletea samaki wiki moja kabla ili asiwaimbe. Mimi nilikuwa nyuma yake nimeshika pindo la khanga, najiona mtoto wa mfalme.

Mtu huyo ndiye niliyemfanya aitikie kwa kichwa. Na kwa ajili ya nini? Wanawake wale walikuwa wanakuja kunitazama mimi, na mpaka leo siamini kama hata mmoja wao angejali. Hasira niliyo nayo juu ya msichana yule mwenye hina ni kubwa kuliko niliyo nayo juu yako, ijapokuwa hutaamini.

Miezi yake ya mwisho alikuwa na kidonda mguuni, unakumbuka. Muuguzi alikuwa akija kumfunga, akabadilishwa, akaletwa mwengine, msichana wa Kusini, upande wa Makunduchi. Siku hiyo wewe ulikuwa skuli na mimi nilikuwa nimekwenda Darajani. Niliporudi nilipita mlango wa nyuma na kikapu changu, nikasikia mtu anazungumza ndani. Nilisimama ukumbini. Kwa muda nilidhani ni mgeni, sauti nene, ina mizaha, inapanda na kushuka. Ilikuwa ni ya mama. Alikuwa akimhadithia yule msichana habari ya bwana mmoja aliyetumbukia shimoni akikimbia wimbo wake, kwa maneno ya kwao, yote, kwa haraka yao, na yule msichana alikuwa amekwisha weka mkasi chini, hajiwezi kwa kicheko. Mimi pia nilianza kucheka, kule ukumbini, na kikapu. Nikaingia nicheke nao.

Aliponiona akanyamaza.

Alijifunika mdomo kwa pindo la khanga, kama aliyekutwa anaiba sukari, akainamisha kichwa. Msichana alidhani amechoka, akamaliza kufunga kidonda. Ningeweza kupiga magoti pale pale nikamwambia mama, endelea, nakuomba, lile shimo lilikuwa wapi. Niliuliza kama amekula. Alifariki wiki chache baadaye, na mpaka anazikwa sikuwahi kumwomba anisamehe, kwa sababu ningelazimika kulitaja jambo lenyewe.

Ndiyo maana nimekaa na daftari hili badala ya kukusubiri uje nikubusu na kukulilia kama mama wengine. Watu watakuambia Kiingereza ndiyo ufunguo, kisomeshe, ushike kalamu nyekundu, usiwaonee huruma. Kisomeshe. Sikutumi ukawaache watoto wa watu waje wakutane na mwenye tai mikono mitupu. Wafundishe mtendaji, kitendo na kinachotendwa, na ile "s" ya ajabu, na "do" isiyokuwa na kazi, wafundishe mpaka wayaote. Lakini kabla hujaondoka nataka ujue kitu ambacho nilikificha, na nilikificha kwa sababu nilikuwa na haya, na haya yangu yananikasirisha.

Juzi Alkhamisi walikuja wageni wengine, wawili tu, wazee. Wewe ulikuwa umekwenda kununua tiketi. Nilikuwa nakaanga vitunguu nawahadithia habari ya Bi Kusum na mchele, kwa Kiingereza changu hiki hiki, "he" na "she" zimechanganyika, jana na leo zimechanganyika. Yule bibi alikuwa akicheka mpaka anapigapiga goti, na mumewe akaniambia niseme tena. Nilikuwa nimefika pale pa mlango ambao haujapigwa hodi. Nikasikia ndara zako kwenye ngazi.

Nikanyamaza, Rahma. Nilipunguza moto, nikakoroga vitunguu, na ulipoingia ukatukuta kimya, ukawasalimu wageni kwa ile sentensi yako nzuri, na ukaendelea wewe.

Sitaki kufa hivyo. Nakuambia waziwazi, na kwa hasira, na kwa mapenzi yote niliyo nayo. Ukija likizo ukanikuta nasema, kaa chini usikilize mpaka nimalize, nikosee ninavyotaka. Ukitaka kunisahihisha, niulize samaki nilimnunua kwa nani.

Na huko uendako, mwalimu akiingia darasani watoto husimama na kunyamaza wote, hiyo ni adabu, usiiogope. Lakini atakuwepo mmoja ambaye alikuwa akisema vizuri tu kabla hujafika mlangoni. Mtazame usoni. Utamjua mara moja, kwa sababu uso huo uliuacha jikoni kwetu siku ya Alkhamisi ukadhani ni moshi wa vitunguu.

Nakusikia unafungua mlango wa mbele. Nitaiweka barua chini ya nguo zako, na sasa hivi nitakuita uje tule.

Mama yako,
Zakia